Konzi ya Kila Shamba

Nilipokuwa kijana nilikata boriti kwenye mikoko, pande za chini ya Salale, kule ambako ukipiga mayowe anayekujibu ni ndege. Tulikuwa watu watano, tumepiga dago, yaani kambi, juu ya kipande cha mchanga kisichofikiwa na maji makubwa. Kazi yenyewe ni tope na mbu. Maji yakitoka unaingia, unakata, unabeba begani. Maji yakirudi unatoka mbio. Ramadhani ikatukuta hukohuko. Tulifunga, msidhani watu wa mikokoni hawafungi. Shida ilikuwa hesabu. Redio hatuna, kalenda hatuna, na mawingu ya masika yamefunika kila kitu. Mwenzetu mmoja, mtu wa Umwe, akasema tutie alama. Kila tukishafuturu anachukua panga, anachanja kidogo kwenye boriti moja aliyoiegemeza ubavuni mwa kibanda. Alichanja vizuri mpaka zikafika alama kumi na tisa, au ishirini na moja, ugomvi wake haujaisha mpaka leo.

Ikaja mashua kuchukua mzigo. Tukapakia boriti zote, na ile ya alama nayo tukaipakia, maana ndiyo iliyonyooka kuliko zote. Mashua imeshapinda kona ndipo yule wa Umwe akajishika kichwa. "Jamani! Ramadhani yetu imekwenda Nyamisati!"

Tulicheka mpaka tukakaa kwenye tope. Kisha tukabishana siku nyingi, huyu anasema bado tano, yule anasema bado nane. Mwisho asubuhi moja tukasema yatosha, leo Idd. Tukachinja kuku wetu mmoja, tukapika wali, tukasali, tukafunga mizigo, tukapiga kasia kurudi nyumbani huku tunatafuna miwa. Tukafika dikoni, penye kuegeshwa mitumbwi, mchana. Watu wote midomo mikavu. Kumbe Ramadhani imebaki siku moja.

Pale dikoni alikuwapo mtu mrefu, kifua wazi, anaosha ungo. Akauliza, "Mnatafuna nini nyie?"

"Muwa wa Idd, kaka. Idd njema."

"Hiyo Idd mmekula na nani?"

"Sisi wenyewe, watano."

Akautikisa ungo maji yakatoka. "Basi hiyo haikuwa Idd. Hicho kilikuwa chakula cha mchana."

Siku ile tulimwona mkorofi. Tulilipa ile saumu, na Idd ya kweli tukala tena, mimi nilikula kama sijawahi kuonja wali. Nimeanza mbali, najua. Lakini kila nikitaka kumsema mtu huyu, nafika kwanza pale dikoni, kwenye lile neno lake. Na kuna neno langu mwenyewe pia, nilikaa nalo miaka mingi bila kumwambia, linahusu konzi moja ya mpunga. Nitafika. Mniache niende mwendo wangu.

Jina lake nitaliacha. Sisi wote tulimwita Mlimbuaji. Kwetu kulimbua ni kufungua chakula kipya cha msimu, na chakula chenyewe ni mpunga. Masuke yakianza kupiga rangi, kabla hayajakauka, unayakata, unayapukuchua, unazikaanga punje kwenye chungu, unazitwanga zingali moto mpaka zinalala bapa. Hiyo ndiyo pepeta. Ukitia nazi ya kukuna na sukari kidogo, mtu mzima anaweza kusahau salamu. Sasa kijijini kwetu ilikuwa marufuku nyumba yoyote kukaanga pepeta kabla Mlimbuaji hajafungua. Naye hawezi kufungua mpaka apate konzi moja ya masuke, yaani yanayojaa mkono mmoja, kutoka kila shamba, iliyokatwa kwa mkono wa mtu aliyepanda shamba hilo. Si mkono wa mke, si wa mtoto, si wa jirani. Konzi zote zinaingia chungu kimoja. Ikiiva, yeye anaonja kwa ncha ya vidole, anasema, "Umefunguka." Halafu wanakula wajane na wale ambao mwaka huo hawakupata shamba, halafu watoto, halafu sisi wengine. Kesho yake kila mtu anakaanga kwake.

Ukimuuliza desturi hii imetoka wapi, utapata jibu, na wiki ijayo utapata jingine. Mara alisema imeletwa na wazee waliotoka bara wakifuata mto. Mara alisema imeanzishwa na mwanamke mmoja mchoyo, kwa toba. Vivyo hivyo kwa siku zote za chakula. Kuvunja jungu, ile siku ya kula sana kabla ya mfungo, aliniambia zamani waliyavunja majungu kwelikweli ili mtu asipate pa kuficha kiporo mchana wa Ramadhani. Mwaka uliofuata nikamsikia anawaambia wanawake kisimani kwamba ni wake wa zamani waliotaka majungu mapya.

"Mbona mimi uliniambia vingine?" nikamuuliza.

"Wewe ulikuwa unauliza kwa ajili ya kujua," akasema. "Hawa wanauliza kwa ajili ya kucheka. Kila mtu apewe anachobeba."

Lakini kuna habari moja hakuibadilisha hata mara moja. Mwaka wa njaa, nyumba moja shamba lake liliwahi, wakafunga mlango wakakaanga. Nyumba ya pili yake kulikuwa na watoto hawajala siku tatu. Harufu ya pepeta ninyi mnaijua, inapita kwenye makuti. Wale watoto walikuja wakakaa nje ya ule mlango, hawabishi hodi wala hawalii, wamekaa tu wananusa. Akifika hapo anainuka, anakwenda kutafuta kazi ya kufanya. Sikupata kujua yeye alikuwa ndani ya mlango au nje.

Mwalimu wa madrasa, aliyesoma mbali, hakuipenda desturi hiyo. Siku moja akamwambia mbele za watu, "Mzee, hili la konzi halimo kitabuni."

"Sadaka imo?"

"Sadaka imo."

"Kumlisha mjane?"

"Imo."

"Basi Maalimu, kinachokusumbua ni chungu. Njoo nacho chako, tupikie humo."

Watu wakaangua kicheko, na mwalimu akacheka mwenyewe, tena siku ya pepeta alikaa sahani moja na Mlimbuaji, akalamba vidole kuliko wote.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Siku za kawaida alikuwa bahili wa kutisha. Sukari aliificha ndani ya gunia la makumbi. Ukimkuta anakula, anasukuma sahani chini ya kitanda, anafuta mdomo, anakwambia, "Karibu, umenikuta namaliza." Kinu chake haazimi mtu. Mke wangu, Mama Zuhura, alimwomba kinu mara moja, akaambiwa kinaumwa! Lakini siku ya kufungua mpunga anatoa mpaka nyumbani kwake wanalala na uji. Na mtanishangaa nikiwaambia kwamba wali hakuupenda. Ulimjaza tumbo. Mtu wa kufungua mpunga mpya kwa kijiji kizima, chakula chake ni ugali wa muhogo na uduvi. Nilimtania kwa hilo miaka.

"Jirani," ananijibu, "mwadhini naye kuna siku anatamani kulala."

Mkewe tulimwita Bi Mkubwa. Huyo ndiye aliyekuwa akipenda pepeta. Mdogo wa umbo, sauti kubwa, mtani wa kila mtu. Yeye ndiye aliyekaanga kile chungu cha wote, mwaka hata mwaka, na wakati anakaanga anamsimanga mumewe: "Mtazameni! Anafungua mlango asioingia." Mume anacheka kimyakimya, mabega yanatikisika. Sijapata kuwasikia wakigombana. Walikuwa na binti mmoja tu, ameolewa Mafia.

Sasa nimefika mahali ninapopaogopa.

Mwaka huo, na simu hatukuwa nazo bado, Bi Mkubwa aliugua. Aliugua muda mrefu, mara anaamka, mara analala, mpaka sisi majirani tukauzoea ugonjwa wake, na hilo ni baya, kuzoea ugonjwa wa mtu. Mama Zuhura alikuwa akishinda kwake, anamwosha, anamlisha. Mimi nilikuwa shambani, ng'ambo ya kijito, nimelala kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, naamia ndege wasile mpunga. Konzi zikaanza kukusanywa. Mlimbuaji alipita na ungo wake shamba kwa shamba, zikapatikana zote, ikabaki yangu.

Akaja na mtumbwi, akasimama chini ya dungu. "Jirani, mpunga wako vipi?"

"Bado," nikasema. "Una maziwa ndani. Nipe siku nne."

"Nne?"

"Nne, tano."

Akautazama mpunga kutoka pale alipo. Kule chini ulikuwa mbichi kweli. Lakini pembe ya juu, nyuma ya dungu, ambako ardhi imeinuka na maji hukauka mapema, ulikuwa umeiva. Nilijua umeiva. Asubuhi ileile nilikuwa nimepita pale nikapukuchua punje kiganjani nikazitafuna.

Kwa nini nilisema bado? Ningependa kuwa na sababu ya maana. Sababu yenyewe ni hii: mpwa wangu alikuwa anaoa Kibiti, karamu ya siku mbili, pilau ya ng'ombe wawili. Nikitoa konzi, kesho yake pepeta inafunguliwa, nami sipo. Nisipokwenda Kibiti, pilau inaliwa, nami sipo. Nilitaka zote mbili. Ni tumbo tu. Nikafunga makopo kwenye kamba yawatishe ndege, nikaenda zangu Kibiti.

Huku nyuma mambo yalikuwa hivi, nayasema kama nilivyoambiwa na mke wangu, na alinisimulia mara moja tu. Siku ya pili ya safari yangu Bi Mkubwa alifumbua macho, akamwambia mke wangu, "Mwenzangu, nataka pepeta."

"Nikukaangie mchele wa mwaka jana?"

"Mchele wa mwaka jana nimeula mwaka jana. Nataka mpya. Hata ya kulamba."

Mama Zuhura akatoka nje, akamkuta Mlimbuaji anasuka kamba. "Shemeji, mgonjwa ameomba pepeta. Konzi za watu si unazo ndani? Toa hata punje kumi, nimtwangie kwenye kikombe."

Akajibu, "Konzi moja haijafika."

"Ni ya mume wangu hiyo. Mimi nakwambia toa."

"Si yako kuitoa, shemeji. Wala si yangu kuiruka."

Mama Zuhura hakuwa mtu wa kunyamaza. "Haya, hata Mungu atakuelewa! Mgonjwa ni mkeo!"

Akasema tena, taratibu, "Nikimfungulia mke wangu mlango, kesho nitamfungia nani?" Akaendelea kusuka. Mke wangu anasema kamba ile aliisuka, akaifumua, akaisuka tena. Halafu akaweka kamba chini, akachukua kasia, akaenda na mtumbwi, akakaa sana. Aliporudi hakusema alikokwenda. Aliingia ndani, akakaa kitandani kwa mkewe, akamshika miguu. Bi Mkubwa akamuuliza, "Imefika?" Akasema, "Iko njiani." Mkewe akamwambia, "Wewe na mlango wako." Ndiyo maneno ya mwisho ambayo mke wangu aliyasikia. Kesho yake alfajiri akafariki.

Mimi nikarudi siku moja baada ya mazishi, tumbo limejaa pilau. Nilipita shamba kwanza, nikakata konzi yangu pembe ya juu, nikaja nayo naimba. Hakuna aliyeniitikia. Nikamkuta Mlimbuaji kwenye mkeka wa matanga. Nikasimama na masuke mkononi kama mtu aliyekuja na zawadi nyumba siyo. Akainuka, akayapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, jirani. Sasa zimetimia."

Siku ya matanga kuanuliwa akafungua. Alikaanga mwenyewe, vibaya, nyingine zikaungua. Akapeleka vidole mdomoni, akasema, "Umefunguka." Nilikuwa karibu. Niliona vidole vimefika mdomoni na pepeta ingali kati ya vidole. Hakuonja. Mkono ukashuka, akanipa mimi ile aliyoishika. "Karibu." Nikala. Kuanzia hapo, kila mwaka, niliona vidole vinakwenda na kurudi na pepeta yake. Wengine hawakuona, au waliona wakanyamaza kama mimi.

Binti yake alimtaka akaishi naye Mafia. Akasema atakwenda akishafungua. Akishafungua anasema ngoja vuli. Akabaki peke yake, akaanza kupika mwenyewe, akawa anawaazima watu kinu chake. Sukari hakuificha tena, na sisi tuliokuwa tukimcheka kwa ubahili tulitamani aifiche.

Mara ngapi nilitaka kumwambia? Nilikwenda kwake na neno lipo mdomoni, tukazungumza nguruwe wanavyoharibu, tukazungumza kamba walivyoadimika, nikarudi nalo. Mama Zuhura naye aliondoka duniani akiamini mpunga wangu ulikuwa na maziwa. Huo nao ni mzigo mwingine, siuweki hapa.

Mwaka huu, baada ya mafuriko yaliyozoa mashamba, watu wengi wamehamia juu, na wali wanaokula ni wa madukani, unakuja na gari Kibiti halafu na boti. Msimu ukafika, mpunga kidogo ukapatikana huku na huku. Mlimbuaji akatoka na ungo. Hana nguvu, anatembea akipumzika kwenye viambaza vya watu. Mimi nilikuwa barazani kwangu, nikamsikia nyumba ya pili, kwa mke wa jirani yangu mmoja fundi.

"Hodi. Nimekuja kuchukua konzi."

"Babu jamani, sisi tumeshakaanga tangu Jumatatu. Ulikuwa hujapata habari?"

"Mmeshakula?"

"Tumekula yote, watoto wamelamba na sahani. Chukua sukari basi, Babu, usiondoke mikono mitupu."

"Sukari haipandwi," akasema. Hakuwa na hasira. Yule dada akacheka kwa aibu, akaingia ndani.

Akaja kwangu. Akaketi, akavua viatu, akaweka ungo katikati yetu. Ulikuwa na konzi tatu. Kijiji kizima, tatu. Mimi yangu ilikuwa tayari, nimeikata kwa mkono wangu, nikaiweka. Nne. Akazipanga, akazipanguza vumbi.

"Nafungua kesho," akasema. "Utakuja?"

Sijui nini kilinisukuma. Labda ni zile nne. Nikasema, "Mlimbuaji, ule mwaka wa Bi Mkubwa, pembe ya juu ya shamba langu ilikuwa imeiva. Nilikudanganya. Nilitaka kwenda kula harusi."

Aliendelea kupanguza. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikwenda. Siku ile alipoiomba. Nilivuka na mtumbwi, nikapanda mpaka nyuma ya dungu. Umeiva mpaka unadondoka. Ndege wameshapata chao."

"Sasa kwa nini hukukata?"

"Mkono haukuwa wangu."

"Lakini ungekata! Nani angejua? Mimi niko Kibiti, nakula!"

"Nililishika suke," akasema. "Hivi." Akanionyesha kwa vidole viwili. "Nikalishika muda mrefu. Halafu nikaliachia."

Nikaanza kulia, mzee mzima. Nikamwambia anisamehe, nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyemnyima mkeo, miaka yote umekula na mimi sahani moja na ulikuwa unajua. Akaniacha niseme yote. Kisha akanitazama, na yale macho hayakuwa ya mtu anayesamehe wala ya mtu anayelaumu. Yalikuwa yanauliza kweli.

"Wewe ulikuwa unataka kula harusi," akasema. "Mimi nilikuwa nataka nini?"

Niliutazama ungo. Yeye alisubiri, alinipa nafasi kabisa, kama anavyomsubiri mtu akatafute konzi yake ndani. Alipoona sina la kumpa, akatikisa kichwa polepole. Akashika nguzo ya baraza akainuka. Akavaa viatu, kwanza cha kushoto, akakosea, akavua, akavaa tena vizuri. Akashuka, akashika njia ya nyuma ya nyumba inayoteremka kwenye kijito, kilekile alichovuka mwaka ule, anatembea bila kupumzika mahali. Sikumwita. Nilidhani anakwenda haja.

Hakurudi, si jioni ile wala kesho yake aliyosema atafungua, na ungo wenye konzi nne ungali barazani kwangu.